Nyota Tatu Nilizompa Mudrick

Waliohudhuria kikao cha dharura cha kijiwe cha bajaji, Ihumwa, upande wa reli:

Ulimboka, mwenyekiti.
Joha, mweka hazina.
Zaidi, mjumbe.
Mudrick, mlalamikaji.
Habibu, mlalamikiwa.
Madereva wengine wa kijiwe, wote ambao hawakuwa na abiria.
Mimi, Mwalimu Silvano, katibu. Sina bajaji.

Nimeanza na mahudhurio kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa chuoni: kikao kisicho na mahudhurio ni mazungumzo tu. Laiti ningekuwa mwepesi wa kusema kweli kama nilivyo mwepesi wa kuandika majina.

Mlionifuata tangu nilipohamishwa kutoka Gulwe mnajua kwamba kila jema ninaloligusa hunigeukia. Mnaikumbuka bustani ya shule iliyoliwa na mbuzi wa mkuu wa shule. Mnaikumbuka harusi niliyoiongoza hadi mwisho bwana harusi akiwa hajafika. Hayo mlicheka, nami nikacheka pamoja nanyi. Haya ya leo sitawaomba mcheke.

Wiki iliyopita niliwaachia mahali ambapo jirani yangu Mudrick aliamka, akawasha simu, akakuta amefungiwa na kampuni ya Nifikishe. Hakuitwa, hakuulizwa, hakuelezwa. Kioo kilimwandikia tu kwamba abiria hawaridhishwi na huduma yake.

Kwa msomaji mgeni: Nifikishe ni programu ya simu inayomleta dereva wa bajaji hadi mlangoni pako, na safari ikiisha inakutaka umpe nyota, kuanzia moja hadi tano. Tangu watumishi wa serikali walipojaa Ihumwa, abiria wengi huita kwa simu. Dereva aliyefungiwa hukaa kijiweni akiwatazama wenzake wakiondoka.

Bajaji yenyewe si ya Mudrick. Ni ya Bi Mwajabu, ambaye alitamka bila kuzunguka: "Ikifika Jumamosi bado umefungiwa, nirudishie funguo. Chombo changu hakikununuliwa kikae kivulini."

Kijiwe kikamtafuta mchawi, kikampata Habibu. Yeye na Mudrick wote ni watu wa Kondoa, lakini waligombania abiria aliyeshuka kwenye treni, na Habibu alisema mbele ya watu, "Nitakushusha, utaona!" Mudrick alipofungiwa, kila mtu alilikumbuka neno hilo. Ikasemwa kwamba Habibu aliwatuma ndugu zake wapande bajaji ya mwenzake na kumpa nyota moja moja.

Mimi nilifanywa katibu kwa sababu sina upande, na kwa sababu nilikuwa ninawaandikia madereva maoni yao. Serikali ilikuwa inakusanya maoni kuhusu kanuni mpya za kampuni za usafiri wa mtandaoni, na mkutano wa kata yetu ulipangwa kufanyika Ijumaa katika ukumbi wa shule ninayofundisha. Kipengele cha kwanza nilikiunda kwa uangalifu mkubwa: *Dereva asifungiwe na kampuni yoyote kabla hajaelezwa kosa lake, hajamjua anayemtuhumu, na hajasikilizwa na binadamu.*

Nilikipenda kipengele hicho. Nilikisoma mbele ya walimu wenzangu, nikaona wanatikisa vichwa kwa heshima.

Alhamisi mchana, siku ya kikao, nikampigia Evodia. Nilimfundisha Gulwe, sasa anafanya kazi katika ofisi ya Nifikishe mjini.

"Shikamoo, Mwalimu!"

"Marahaba, Evodia. Ninataka maoni yetu yasiwe na kosa. Dereva anafungiwa kwa kigezo gani?"

"Wastani wa nyota, Mwalimu, za wale wachache wanaojisumbua kutoa. Ukishuka chini ya nne na nusu, unapata onyo. Ukishuka chini ya nne, mfumo unakufunga wenyewe. Hakuna mtu anayebonyeza."

"Chini ya nne? Kati ya tano?"

"Ndiyo."

"Lakini Evodia, tatu kati ya tano ni sitini kwa mia. Sitini ni C. Mwenye C amefaulu."

Alicheka. "Mwalimu, hayo ni ya darasani. Huku abiria akiridhika anatoa tano. Nne maana yake analalamika. Tatu... tatu ni dereva aliyemtukana mtu."

Nilikuwa katika chumba cha walimu. Mbele yangu palikuwa na rundo la madaftari niliyokwisha kusahihisha. Niliutazama wino mwekundu kama ninauona kwa mara ya kwanza.

"Mwalimu, upo?"

"Nipo."

"Usiniambie unatoa tatu."

"Nina vigezo, Evodia."

"Yesu wangu! Na sisi ulikuwa unatukata alama kwa mwandiko!"

Nina vigezo. Ngoja niwaeleze, maana sina tena cha kuficha. Kufika kwa wakati, usafi, usalama, lugha. Tano ni ya ukamilifu, na ukamilifu sijauona. Tangu nianze kazi sijapata kumpa mwanafunzi alama zote katika insha. Nne ni ya juhudi ya pekee. Tatu ni ya mtu mwema anayefanya kazi yake.

Mudrick hunipeleka shuleni kila asubuhi. Tunapakana uzio, wenye mlango mdogo wa kupitia kwake na kwangu. Ningeweza kumwita kwa sauti, naye akatoka. Lakini alipojiunga na Nifikishe aliniomba, "Mwalimu, niite kwa simu. Safari zikiwa nyingi kampuni inaniamini. Utakuwa umenisaidia."

Nikamsaidia. Kila asubuhi nilimwita kwa simu, na kila asubuhi nilipofika langoni nilimpa tatu kwa moyo mweupe, nikaenda kusimamia paredi. Siku moja nilimpa nne. Nilifurahi kwamba anapanda.

"Zinafutwaje?" nilimuuliza Evodia.

"Hazifutwi. Hatuna hata mahali pa abiria kuandika kwamba amekosea."

"Na anayesikiliza rufaa?"

"Hayupo, Mwalimu. Mimi kazi yangu ni kupokea simu na kusema poleni." Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Sasa huyo dereva ameshajua?"

Nilimuaga, nikakusanya madaftari.

Nilipofika nyumbani nilimkuta Ikram, mke wa Mudrick, amesimama mlangoni pangu na sahani iliyofunikwa kanga. Tangu bajaji ilipolala, alikuwa amerudi kuchuma zabibu Makutupora, kazi aliyokwisha kuiaga.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Ikram. Poleni na kazi."

"Tumeshapoa. Nimekuletea zabibu. Ni zile zilizopasuka, msimamizi anaturuhusu tuzibebe. Usizidharau."

"Si ungewapa watoto?"

"Watoto wamekula mpaka wamezichoka. Hizi zako. Mudrick anasema wewe ndiye unayetupigania. Nikamwambia, sasa mtu kama huyo sisi tutamrudishia nini?"

"Ikram," nilisema, "kuna jambo..."

"Sema, Mwalimu."

Vidole vyake vilikuwa na mikwaruzo ya matawi. Niliitazama sahani.

"Zimeoshwa?"

"Nimeziosha."

"Ahsante sana."

Hilo ndilo lililonitoka. Mtu niliyesomea kuzungumza mbele ya watu.

Kikao kilikaa alasiri, nyuma ya banda la kuziba pancha. Ulimboka, mwenyekiti, alikuwa mpakiaji wa mizigo relini kabla ya kushika usukani, na bado huongea kama anashindana na kichwa cha treni.

"Kikao kimefunguliwa! Simu zizimwe. Mwenye abiria anayemsubiri atoke sasa hivi, asije akatuvunjia hoja katikati."

Hakuna aliyetoka.

"Kumbe leo biashara mbovu kwa wote. Haya. Joha, anza."

Joha ndiye mwanamke pekee anayeendesha bajaji kijiweni pale, na madereva huogopa ulimi wake kuliko trafiki. "Sina mengi," alisema. "Habibu, si ulisema utamshusha? Ameshuka. Mbona hushangilii?"

"Dada Joha, nilisema kwa hasira. Nilimaanisha nitamshusha kwa ngumi."

Watu wakacheka.

"Huo ndio utetezi wako?" Ulimboka aliuliza.

"Ndio ukweli wangu. Mimi nikigombana na mtu ninamkunja shati, tunamalizana, kesho tunakunywa chai. Haya mambo ya kumvizia mtu kwenye simu nitayawezea wapi?"

Zaidi, kijana mwenye bajaji mpya kuliko zote, akadakia. "Una mashemeji kibao, na wote wana simu."

"Mashemeji zangu wako milimani Kondoa wanalima! Waje wapande bajaji ya Ihumwa wakienda wapi? Kumtembelea mama yako?"

"Mama yangu usimguse!"

"Kaeni!" Ulimboka alinguruma. "Kaeni wote!"

Habibu hakukaa. Alinigeukia mimi.

"Mwalimu, wewe ni mtu wa haki. Umenipanda mara nyingi, tumezungumza njia nzima. Waambie hawa. Mimi nina roho hiyo?"

Nilishika kalamu. Nilikuwa na jibu tangu mchana. Jibu hilo lilikuwa neno moja tu, na lingemtosha.

"Katibu hachangii hoja," nilisema. "Katibu anaandika."

Kwa taratibu za vikao nilisema sawasawa. Hakuna sentensi chafu kuliko hiyo iliyopata kutoka kinywani mwangu.

Habibu alinitazama kidogo, kisha akakaa taratibu, kama mwanafunzi aliyenyoosha kidole mwalimu akampita.

"Tupige kura," alisema Ulimboka. "Anayeona Habibu aondoke kijiweni, mkono juu."

Mikono ikapanda. Zaidi aliunyoosha wa kwanza, Joha akafuata, na wengine wakafuata kwa kumtazama Joha. Dereva aliyeondolewa kijiweni hapa haegeshi tena kutoka relini hadi barabara kuu, na vijiwe jirani havimpokei, kwa sababu huuliza kwanza amefukuzwa kwa kosa gani. Habibu alijua hivyo. Aliinamisha kichwa, akawa anaufikicha mchanga kwa ncha ya kiatu.

"Imepita. Katibu, andika."

Niliandika: *Kikao kimeamua kwamba.* Kalamu ikakaa hapo.

"Mwenyekiti, kabla hajaandika." Alikuwa Mudrick, amesimama. "Ninaomba iingie kwamba mimi si dereva mchafu. Kesho wakubwa wakija kusoma wasije wakasema nilistahili. Sina matusi, sina mwendo wa kihuni. Na shahidi ninaye hapa hapa. Huyu ninampeleka kazini kila siku ya Mungu." Akanigeukia, uso umemkunjuka kwa fahari. "Mwalimu, taratibu ziache kidogo. Waambie. Wewe ulikuwa unanipa ngapi?"

Alitabasamu. Aliuliza kama mtu anayejua jibu na anataka tu wengine walisikie.

Ningeweza kusema tano. Nyota hazina jina la aliyezitoa. Hakuna mtu pale ambaye angejua. Mudrick angefurahi, Habibu angeondoka, nami ningebaki Mwalimu Silvano, mtu wa haki.

"Tatu," nilisema.

Kijiwe kizima kikaangua kicheko.

"Ticha leo katania!" Joha alipiga makofi. "Jamani, kumbe anajua!"

"Mwalimu, tuko kikaoni," Ulimboka alisema, naye akijizuia kucheka.

"Tatu, Mwenyekiti. Kila asubuhi."

Niliwasha simu, nikafungua Nifikishe, nikampa Joha, aliyekuwa karibu yangu. Safari zangu zote zimo humo pamoja na nyota nilizotoa. Alianza kusoma kwa sauti ya mzaha.

"Mudrick, tatu. Mudrick, tatu. Mudrick, tatu. Mudrick..." Sauti ikaanza kupungua. "Nne. Mudrick, tatu. Tatu. Tatu."

Akaacha.

"Zinaendelea," alisema, akanirudishia simu bila kunitazama.

Nikasimama kujieleza. Nilieleza kigezo cha muda na kigezo cha usafi. Nilieleza sitini kwa mia, na daraja la C, na kwamba tano ni ya ukamilifu. Nilieleza kwamba mchana nimezungumza na mtu anayeujua mfumo, na kwamba mfumo hausomi tatu kama ninavyoisoma mimi. Maelezo yangu yalikuwa na mwanzo, kiini na mwisho. Kadiri yalivyopangika, ndivyo nyuso zilivyozidi kukunjamana.

"Na mimi?" Zaidi aliuliza. "Mimi ulinipa ngapi?"

"Tatu."

"Onyo langu! Mwenyekiti, si niliwaonyesha lile onyo?"

Ulimboka alikohoa. "Na mwenyekiti wako?"

"Mbili. Ulikuwa unaongea na simu huku unaendesha."

"Hiyo ni halali yake," alisema mtu nyuma.

"Nyamaza wewe!" Ulimboka alijifuta uso kwa kiganja. "Mimi nilimshuku yule mama wa wizarani. Nimemnunia mpaka leo. Ananisalimia, ninageuza shingo."

Sasa Habibu alisema, bila kupandisha sauti.

"Mwalimu, nilikuuliza kama nina roho hiyo. Ulikuwa unajua jibu?"

"Nilikuwa ninalijua."

"Tangu lini?"

"Tangu mchana."

"Na ukakaa hapo unaniandika."

Niliinamisha macho kwenye karatasi, nikaona maneno yangu mawili matatu yaliyokatika, mwandiko umenyooka vizuri, hauna hata doa.

Nilimsikia Mudrick kabla sijathubutu kumtazama.

"Ile siku ya nne," aliuliza, "nilifanya nini?"

"Ulivaa shati jeupe."

Alifikiri. "La Idi hilo. La kazi lilikuwa halijakauka." Akatikisa kichwa kidogo. "Sasa si ungesema, Mwalimu? Tunaishi uzio mmoja. Ungesema tu, Mudrick, ninapenda shati jeupe."

Wasomaji wangu, nimewahi kukaripiwa na wakaguzi mbele ya darasa. Nimewahi kurudishwa kwenye usaili mbele ya watoto niliowafundisha. Yote hayo niliyabeba. Hilo alilolisema Mudrick kwa upole sijui nitaliweka wapi.

"Aondoke yeye!" Zaidi alipayuka. "Tubadilishe kura!"

"Aondoke aende wapi, ana bajaji?" Joha alimjibu. "Utamtoa kwenye foleni gani?"

"Mwenyekiti," nilisema, "ninajiuzulu ukatibu."

"Kaa chini, Mwalimu."

"Sistahili..."

"Nimesema kaa. Ukiondoka utakwenda kujilaumu nyumbani peke yako, sisi hapa tutapata nini?" Ulimboka aliichukua barua ya maoni iliyokuwa mezani mbele yangu, akaipekua mpaka kwenye kipengele cha kwanza. Alisoma kwa midomo, polepole. "Hiki ulikiandika kabla hujajua?"

"Kabla."

"Kizuri. Ninakipenda. Lakini nikuulize. Huyo mtu wako anayeujua mfumo, au yeyote wa kampuni, akikisikia kesho kinasomwa, atafanya nini?"

"Atasema wamekipokea."

"Halafu?"

"Halafu basi."

"Halafu basi," alirudia. Akaikunja barua, akaiweka mfukoni mwake. Akasimama juu ya tairi ili wa nyuma wamwone, ingawa hakuna aliyekuwa akitazama kwingine.

"Sikilizeni uamuzi. Habibu haondoki. Kila aliyenyoosha mkono atamwomba radhi kwa kinywa chake, na mimi nitaanza. La pili. Kesho barua haisomwi. Kesho tunampeleka Mwalimu mwenyewe. Atasimama mbele ya watu wa serikali na watu wa kampuni, aeleze jinsi mtu mmoja mwenye nia njema alivyomfunga jirani yake, na asipatikane hata binadamu mmoja wa kumuuliza, wewe abiria, tatu yako ina maana gani? Hilo likisikika, labda wataandika kanuni. Labda watamfungulia Mudrick kabla Bi Mwajabu hajafuata funguo."

"Mwenyekiti," nilisema, "ule ni ukumbi wa shule yangu. Mkuu wangu atakuwepo. Wanafunzi wangu ndio watakaopanga viti."

"Ninajua."

"Watasikia yote."

"Na wasikie. Au unataka kuomba tukusitiri, wakati Habibu hukumsitiri?"

Niliifunga kalamu.

"Umekubali?"

"Nimekubali."

"Basi imepita. Mudrick, asubuhi utampakia umlete."

Mudrick alikuwa amekwisha kusimama, funguo mkononi. Aliwageukia wenzake, hakunigeukia mimi.

"Simpakii," alisema. "Mwalimu aje kwa miguu. Mimi nitakuwa nimekaa mbele kabisa. Nikisikia ameyasema yote, na la kumwacha Habibu ahukumiwe nalo amelisema, ndipo nitaamua kama ule uzio kati yetu ninauacha na mlango au ninauziba."